Hapa Hashikwi Mtu

Kule Marghilan, mji wa Uzbekistan, mke wa mwana huitwa kelin, na kelin ndiye anayeamka wa kwanza. Anafagia ua, anafagia na barabara iliyo mbele ya lango, anainyunyizia maji ili majirani wakitoka waikute mbichi, ndipo achemshe chai ya mama mkwe. Zulhumor alikuwa akifagia lango lile tangu alipoletwa pale kwa tarumbeta za harusi, mume akiwepo na mume akiwa Urusi kwenye ujenzi, yeye mwenyewe akiwa mzima na akiwa na homa. Hakuna aliyemuuliza kama amechoka. Hata angeulizwa angesema hajachoka, maana ndivyo kelin anavyojibu.

Baada ya chai alishona. Alikuwa mshonaji wa kurpacha, yale magodoro membamba ya pamba yanayotandikwa sakafuni, ambayo kila bibi harusi lazima aende nayo kwa mumewe rundo zima. Pamba ilimwingia puani, sindano ndefu ilimtoboa vidole, na mgongo ulikuwa umeanza kumlalamikia kabla ya umri wake. Hiyo ilikuwa kazi. Kazi nyingine, iliyomchosha zaidi na ambayo hakuna mtu mtaani aliyeiita kazi, ilikuwa kumlea Oydin.

Oydin, binti yake wa pekee, alikuwa na miaka saba, na masikio yake yalisikia mno. Lebo ya nguo shingoni ilimchoma kama mwiba. Wali ukigusana na nyanya hakuula. Birika likianza kupiga mluzi alikimbilia chini ya meza. Wataalamu wa mji mkuu walikuwa na jina la hali hiyo, na mama mkwe, Hojarhon, alipiga marufuku jina hilo lisitamkwe ndani ya nyumba yake.

"Mtoto ana woga tu," alisema. "Hata baba yake alikuwa hivyo, akaacha."

Baba yake hakuwa hivyo hata kidogo, lakini kelin hambishii mama mkwe, basi likaishia hapo.

Sasa gego la Oydin lilikuwa limeoza, na shavu limeanza kuvimba. Mtoto mwingine ungemshika mkono ukaenda naye. Kwa Oydin haikuwezekana, na sababu ilijulikana. Mwaka uliotangulia walimpeleka kuzibwa jino jingine. Hojarhon ndiye aliyeingia naye, pamoja na shemeji mmoja mwenye mabega mapana, na Zulhumor akaambiwa abaki nje kwa kuwa moyo wa mama ni mwepesi. Alisimama koridoni akasikia kila kitu. Shemeji alishika miguu, muuguzi alishika kichwa, Hojarhon alishika mikono, na daktari akaziba tundu chapuchapu. Walitoka wanavuja jasho, wamefurahi kwamba shughuli imekwisha.

Oydin naye alinyamaza. Alinyamaza siku nyingi, na alipoanza tena kusema, hakukubali bibi yake amguse mikono, hata kumvalisha glavu wakati wa theluji. Jambo hilo lilimuuma Hojarhon kuliko alivyokuwa tayari kukiri. "Tulimshika kwa kumpenda," alikuwa akisema, bila mtu kumuuliza.

Basi safari hii Zulhumor alimpa mtoto neno.

"Hakuna atakayekushika. Si mimi, si bibi, si daktari."

Oydin alimtazama kidevuni, maana machoni hatazami. "Hata nikifunga mdomo?"

"Hata ukifunga."

"Hata nikisema sitaki?"

"Hata ukisema hutaki."

Neno likawa limetoka. Mtoto wa namna ile ukimpa neno kisha ukalivunja, hakupi nafasi ya kumpa jingine, na Zulhumor alilijua hilo vizuri kuliko alivyoijua sindano yake.

Wakaanza kujizoeza. Alipanga kurpacha za wateja barazani moja juu ya nyingine, akaziinua upande mmoja mpaka zikawa kiti cha kulalia. Alitia kijiko kwenye friji ili kiwe baridi kama kioo cha daktari. Alitoa kabatini mashine ya kunyolea ya mumewe, akaiwasha chumba cha mwisho mlango ukiwa umefungwa, kesho yake mlango ukiwa wazi, baadaye uani, baadaye barazani, mpaka Oydin akaweza kuishika ikinguruma huku amekunja uso. Kila mara alianza mwanasesere kulala kwenye kiti, akafuata mama, akamalizia Oydin. Na kila mara Oydin alipoinua mkono, kila kitu kilisimama. Siku nyingine aliinua mkono kabla hata hajalala, na kazi ya asubuhi nzima ikawa imekwenda hivyo hivyo.

Hojarhon aliketi upande wa pili wa ua na pakacha lake la matunda makavu ya aprikoti, akiwatazama.

"Kelin, sasa umekuwa daktari wa magodoro?"

"Tunacheza tu, mama."

"Kurpacha za watu hizo. Bibi harusi wa watu atalalia mate ya mwanao."

"Nimetandika shuka, mama."

"Sisi jino likiuma tulifungwa uzi, uzi ukafungwa mlangoni, mtu akapiga mlango teke. Hakuna aliyetuimbia." Akacheka, na meno yake ya dhahabu yakaonekana yote. "Njoo, Oydin, njoo kwa bibi nikupe aprikoti."

Oydin hakwenda. Hojarhon aliirudisha aprikoti pakachani, akaipanga upya na nyingine kana kwamba alikuwa na sababu.

Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomchosha Zulhumor. Mtu mbaya unaweza kumchukia ukapumzika. Hojarhon alimpenda mjukuu wake mpaka akawa anakosa usingizi, na mapenzi yake yote yalitoka kwa njia ile ile ya wanawake wa mtaa ule: kumlisha, kumfunika, kumtisha kidogo ili ale. "Kula, la sivyo daktari atakuja na sindano," alisema siku moja kwa mazoea, na mazoezi ya siku nyingi yakaanguka chini. Zulhumor alikwenda jikoni, akafungua bomba, akasimama pale maji yakimwagika. Kisha akarudi barazani, akatandika upya.

Daktari aliyempata aliitwa Muattar, mwanamke mwenye kliniki ndogo nyuma ya soko la nguo. Hakuwa na maneno mengi. Zulhumor alikwenda peke yake akamweleza, akitazama zulia. Aliomba miadi ya asubuhi kabla wagonjwa hawajajaa, taa ya juu izimwe, na mtu asijipulizie manukato.

"Na nisipumue?" Muattar aliuliza. Halafu akamwona jinsi alivyosimama. "Haya. Mlete mapema, kabla sijaanza foleni. Ukichelewa, sina la kukusaidia."

Siku ikafika. Zulhumor alifagia, akanyunyiza maji, akaenda dukani kununua mkate laini, kitu pekee ambacho Oydin hula akiwa na wasiwasi. Hakukawia. Lakini alipofungua lango alikutana na harufu.

Hojarhon alikuwa amefukiza isiriq. Ni majani makavu ambayo hakuna nyumba kule isiyokuwa nayo. Mtoto akiugua, mtu akisafiri, mgeni mwenye jicho baya akishatoka, unayachoma kwenye kikaango na kuuzungusha moshi wake mkali kila pembe. Na bibi yule hakufanya kazi nusunusu. Alikuwa amefukiza vyumba vyote, akafukiza baraza, akafukiza koti la mtoto na kofia yake na viatu vyake, akakizungusha kikaango juu ya kichwa cha mtoto aliyelala, akimwombea huku machozi yanamtoka.

Oydin alikuwa katikati ya rundo la kurpacha, amejisokomeza kama paka, mikono puani. Alikuwa ametapika.

"Nimemkinga," Hojarhon alisema, kikaango bado mkononi. Sauti ilimpungua. "Wewe umewaambia watu wangapi habari za leo? Mtaa mzima unajua. Nimemkinga na macho yao."

Zulhumor alikuwa na maneno. Yalikuwa yamejaa mdomoni tangu mwaka wa kwanza wa ndoa, na asubuhi ile yalifika mpaka kwenye meno. Alitamani kumwambia: mama, wewe ndiye unayemwumiza, wewe na kupenda kwako. Alimtazama mwanamke yule mzee, kilemba kimekaa upande, majivu kidoleni, akayameza. Yalishuka vibaya.

"Ahsante, mama," alisema. "Naomba nikifungue chumba cha nyuma."

Aliyafungua madirisha yote. Koti halikuvalika tena, kofia haikuvalika. Alimfuta mtoto kwa kitambaa chenye maji, akamvika gauni la nyumbani lililooshwa mpaka likalainika na shali yake mwenyewe iliyokuwa imeanikwa nje, akakaa naye uani kwenye ukingo wa kitanda cha mbao bila kusema kitu. Jua lilipanda. Mapema ilipita, na baada ya mapema ikapita saa ya kawaida. Alijua wamechelewa. Alijua pia kwamba akisema "twende" kabla ya wakati hawataenda kabisa. Alisinzia ameketi.

"Mkate," Oydin alisema mwishowe.

Akala mkate. Akasimama. Wakatoka, na Hojarhon akawafuata nyuma kwa hatua chache, amejitanda kilemba cha kutokea, bila kualikwa na bila kukatazwa.

Kliniki ilikuwa na watu. Mwanamume mmoja aliyeshika shavu na mwanamke mnene mwenye kikapu walikuwa wakingoja kwenye benchi, na Muattar alitoka akamkuta Zulhumor mlangoni.

"Nilikwambia mapema."

"Ulisema, daktari. Nyumbani kulitokea jambo."

Hojarhon alitazama ukuta. Muattar aliliangalia shavu la Oydin, akaguna, akawaambia wale wawili wangoje kidogo. Mwanamke mwenye kikapu alisema kwamba yeye pia ana jino, halimo kikapuni.

Ndani taa ya juu ilizimwa, na hilo Muattar alilitimiza. Zulhumor aliketi kwanza kwenye kiti, akafumbua mdomo, akateremka. Kisha Oydin alipanda. Akalala. Mtoto alikuwa amelala juu ya kiti kile, amefumbua mdomo, kioo kimeingia, na daktari anahesabu meno kwa sauti ya chini kama walivyokubaliana. Wiki zote za magodoro zilikuwa zimefika pale.

"Hili litoke leo," Muattar alisema. "Limefika pabaya." Akachukua kichupa cha dawa ya ganzi akakifungua.

Ile harufu. Kali, ya dawa, na juu ya harufu ya asubuhi ikawa imezidi. Mdomo wa Oydin ulifunga. Mkono ukaenda juu.

"Anasema tusimame," Zulhumor alisema.

"Tukisimama sasa hatutaanza tena, nawajua." Muattar hakukasirika, alizungumza kama mtu mwenye foleni. "Sikilizeni. Ni dakika moja tu. Bibi, shika mikono. Mama, shika kichwa. Muuguzi, njoo miguuni. Dakika moja, amepona, mnakwenda zenu."

Dakika moja. Zulhumor aliisikia ikimwita. Baada yake kungekuwa hakuna mazoezi, hakuna kijiko kwenye friji, hakuna kuamka akiwa na shavu lile kichwani. Angeweza kurudi nyumbani akalala. Mikono yake iliinuka kidogo, aliiona ikiinuka, na upande wa pili Hojarhon alikuwa tayari ameinama, viganja vimefunguka, kama mwaka jana.

"Usimshike, mama."

Aliyesema ni yeye. Hajawahi kumwambia Hojarhon "usi" katika maisha yake, na chumba kikapoa.

"Daktari ndiye aliyesema," Hojarhon alisema.

"Nimesikia. Usimshike. Nilimpa neno."

"Basi mtoeni," Muattar akasema, akakiweka kichupa. "Nina watu nje."

Oydin alikuwa amefumba macho. Mkono wake ulikuwa bado juu. "Bado bibi," alisema.

"Bado bibi nini, mwanangu?" Zulhumor aliuliza.

"Mama amelala. Mimi nimelala. Bado bibi."

Kwa Oydin mambo yana mpango, na walioko ndani lazima wapite wote. Muuguzi akacheka. Hojarhon naye alicheka, kwa sauti kubwa mno.

"Mimi! Mimi meno yangu yalikwisha zamani, yamebaki dhahabu. Daktari atazame nini, benki?"

"Bado bibi," Oydin alirudia, na kwa mara ya kwanza tangu theluji ya mwaka jana alimwelekea bibi yake akiwa na jambo analolitaka kwake.

Hojarhon aliacha kucheka. Mtoto aliteremka, na yule bibi akapanda, akijivuta, sketi akiibana magotini. Muattar alipumua kwa nguvu, akakilaza kiti. Miguu ya Hojarhon iliachana na sakafu, na rangi ikamtoka usoni.

"Fumbua."

Akafumbua. Kioo kikaingia, kikapita dhahabu moja baada ya nyingine, kikafika nyuma, na chombo kikagusa mahali ambapo Hojarhon hakuwahi kumwambia mtu kwamba panauma. Alishtuka mwili mzima, mkono ukaruka juu, na muuguzi, kwa mazoea ya kazi, akaudaka kwenye kifundo na kuubana kwenye kiti.

Mlio uliomtoka haukuwa wa mtu mzima.

"Mwache," Oydin alisema. Hakupaza sauti. Alisema kama mtu anayemkumbusha mgeni avue viatu. "Kainua mkono. Hapa hashikwi mtu."

Muuguzi alimwachia. Muattar alitoa vyombo vyake, akarudi nyuma. Hojarhon alilala pale akitazama dari, kilemba kimemtoka, machozi yakimwingia masikioni, na hakujaribu kuyaficha.

"Yule fundi wa meno wa zamani alikuwa na mashine ya kukanyaga kwa mguu," alisema, akilieleza dari. "Nilikuwa mkubwa kama huyu. Baba ndiye aliyenishika. Alinipenda sana baba yangu. Sikukaa tena magotini pake, mpaka amekufa."

Zulhumor alikiokota kilemba, akampa.

Muattar alikaa kwenye kigoda chake. Kisha akachukua kichupa, akakifunga vizuri, akakitia kabatini, na kuandika dawa ya kupunguza uvimbe. Alisema anayo ganzi nyingine ya kupaka isiyo na harufu kali, ataitafuta. Mtoto ataipaka mwenyewe kwa kidole chake. Waje Alhamisi, mapema, na safari hii mapema iwe mapema. "Na wewe, bibi, lako pia limeoza," aliongeza. "Alhamisi hiyo hiyo."

Basi jino halikutoka. Zulhumor alilibeba hilo njia nzima, shavu la mtoto likiwa vilevile kama walivyotoka nalo, na akahesabu kichwani yanayomngoja: dawa ya kumnywesha mtoto asiyemeza dawa, kiti cha magodoro, harufu mpya ya kumzoeza, na kurpacha za harusi ambazo hajazigusa. Alikuwa amechoka kiasi kwamba alitamani kukaa chini barabarani. Amelinda neno lake, naam, na hakuwa na kitu kingine cha kuonyesha.

Kwenye kona, penye tanuri la mkate, wanawake wa mtaa walikuwa wamekusanyika kama kawaida, na walikuwa wanajua, maana wanajua kila kitu. Zulhumor aliinamisha kichwa ili aiache aibu impite.

"Hee, mnatoka kwa daktari?" mmoja wao, Risolat, mke wa fundi viatu, aliuliza. "Limetoka?"

Kelin hajibu mama mkwe akiwepo. Alingoja Hojarhon aseme limetoka. Alijua atasema hivyo, maana mwanamke yule angeona heri adanganye mji mzima kuliko mtaa uone nyumba yake imeshindwa.

"Halijatoka," Hojarhon alisema. "Tunarudi Alhamisi."

"Halijatoka? Si mngemshika?"

"Mtoto wetu hashikwi."

Risolat alicheka, akawaangalia wenzake wacheke naye. "Ajabu hii. Kwa hiyo mnakaa mnamngoja mtoto wa miaka saba mpaka apende?"

"Ndiyo, tunamngoja," Hojarhon alisema. "Mimi hakuna aliyeningoja."

Hojarhon alinunua mkate mmoja laini, akaukumbatia kifuani, na wakaendelea na njia, bibi mbele, mtoto nyuma yake, na Zulhumor wa mwisho, akifuta machozi kwa kiganja ambacho hakikuwa na nguvu hata ya kuyafuta vizuri.